Kengele ya Mzee Séverin

Soko la Kasulu lilifurika siku Melkiadi alipoangusha kitabu topeni, mbele ya meza ya vitenge ya Nadine. Mwalimu wa fasihi mzima, suruali imepigwa pasi, na kitabu kinamshinda! Nadine alikiokota, akakifuta kwa upindo wa gauni lake la njano, na hapohapo Melkiadi akawa amekwisha.

"Hii nilisoma kwa Kifaransa," Nadine alisema. "Ya ule mji wenye njaa. Wanayeyusha kengele, wanafanya mikuki."

"Kengele ni ustaarabu, mikuki ni ushenzi. Ndivyo ninavyofundisha kidato cha tano."

"Aa, mwalimu! Ni vyepesi hivyo?"

Nadine alikuwa Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akitoka kwa kibali siku za soko. Kwa miezi minane simu hazikupoa.

"Umekula, sheri?" Nadine angeuliza, yaani mpenzi.

"Nitakulaje na wewe uko mbali?"

"Muongo weye! Ile tumbo yako naijua."

Melkiadi alijitambulisha kwa baba yake Nadine, mzee Séverin, mpole aliyefagia kanisa la kambini kila asubuhi. Mzee akaridhia, harusi ikapangwa Desemba. Jioni moja Nadine akampigia simu, sauti iko chini. Hakutaka kuolewa huku anaficha kitu.

"Kengele ya kwetu iliita watu kanisani. Wakaenda, sababu ni kengele. Wenye mapanga walikuwa wanangoja mule. Papa yangu ndio aliipiga. Walimuwekea bunduki ku kichwa. Hapa kambini hakuna mwenye anajua. Usiseme."

"Siwezi kusema, mpenzi."

Akasema. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na ugonjwa wa walimu hodari, kutaka darasa liguswe. Akifundisha ishara za ile riwaya, alisema hata kengele inaweza kutumikia ushenzi, akatoa mfano wa baba wa mchumba wake. Jina hakulitaja, lakini jina la nini? Shule nzima ilijua anaoa wapi. Mama wa mwanafunzi mmoja alikuwa akiuza mboga kambini, na wiki haikuisha habari ikawa imeenea huko.

Nyarugusu walikuwapo waliopoteza watoto ndani ya kanisa lile. Hawakumpiga mzee Séverin. Waliacha kumsalimia, wakamnyang'anya ufagio. Naye akaacha kula. Nadine hakupokea tena simu za Melkiadi, hadi asubuhi moja ya Novemba alipopiga mwenyewe.

"Papa amekufa."

"Nadine, nisamehe, mimi..."

"Sikukupigia sababu ya ile. Hakuna mwenye amekuja kuchimba kaburi. Cadet yuko peke yake."

Cadet alikuwa kaka yake Nadine. Kaburi huchimbwa na majirani. Mfiwa kushika jembe juu ya maiti ya baba yake ni aibu inayouma kuliko msiba wenyewe. Melkiadi alipanda pikipiki na nguo zake za darasani. Alimnyang'anya Cadet jembe, akachimba peke yake mpaka viganja vikachubuka, huku majirani wamesimama milangoni wanamtazama. Hakuna aliyesogea. Walimzika mzee wakiwa watatu na mchungaji.

Baada ya maziko Nadine alileta maji ya kunawa kwenye kopo la bati. Macho yake yalikuwa makavu, kitenge cheusi amekikaza kiunoni.

"Nakupenda bado," Melkiadi alisema.

"Najua. Na miye nakupenda." Alimmiminia polepole, mpaka tope na damu vikaisha. "Umechimba muzuri. Aksanti."

"Basi Desemba..."

"Hapana."

"Nadine, nitaomba radhi mbele ya kanisa zima. Nitafanya lolote."

"Mwanamke ana mambo ya kuambia bwana yake tu, Melkiadi. Ya usiku, ya moyo. Miye yangu nitaambia nani?"

Nadine akamwaga maji yaliyobaki, akaingia ndani kukaa matanga na Cadet.