Taa ya Kijani ya Mzee Orval

Majirani zangu, kisa hiki mnakijua nusu. Nusu iliyobaki nawapa leo, na mwenye kukasirika akasirike.

Jumapili ile ya Januari kwa Gordy Tollefsrud kulikuwa na amani. Wametoka kanisani, bakuli la viazi na nyama ya kusaga liko mezani, theluji nje imefika madirishani. Aliyeivuruga amani hiyo ni mkewe, Verna, kwa sababu alikuwa na swali.

Ukutani jikoni palikuwa na skrini. Gordy ni fundi wa mtandao wa shule za wilaya, na ugonjwa wa kazi alikuwa ameuleta nyumbani: kila chombo kilikuwa na taa yake pale. Pampu, friji, kamera ya lango, vyote vilijieleza kwa nambari. Taa ya kumi na mbili peke yake haikuwa na nambari hata moja, kijani tu. Hiyo ilikuwa ya kisanduku kinachoendesha hita nyumbani kwa Mzee Orval, baba yake Gordy, mwenye miaka themanini na moja, anayeishi peke yake maili tatu kutoka hapo.

"Mbona cha baba hakisemi kitu?" Verna aliuliza.

"Cha zamani kile, hakijui lugha ya wenzake. Kila dakika mtambo wangu unakipigia hodi. Kikiitika, taa inabaki kijani."

"Kwani kuitika na kuwa mzima ni kitu kimoja?"

"Mke wangu, chakula kinapoa."

Nyie mnaocheka, ngojeni kidogo. Hapa kwetu ukimuuliza mtu hali, atakujibu "si mbaya sana" hata nyumba ikiungua. Orval aliwahi kujibu hivyo akiwa amevunjika mbavu mbili. Jumamosi Gordy alimpigia simu, akajibiwa vilevile, akarudi kutazama mpira. Alikuwa hajakanyaga kwa baba yake wiki tatu. Aende kufanya nini, na taa ni kijani?

Lakini Verna swali lilikuwa limemkaa kooni. Alimng'ang'ania mumewe mpaka akamwambia, ili tu ale kwa raha, kwamba kisanduku kile kina ukurasa wake mdogo, uliotengenezwa usomwe na watu. Verna akaufungua kwenye kompyuta. Joto, sitini na nane kwa Farenhaiti tunayotumia huku. Vizuri kabisa. Akashuka chini ya ukurasa, akakuta saa.

"Gordy, leo siku gani?"

"Si tumetoka kanisani?"

"Humu ndani ni Alhamisi, saa kumi na dakika nane jioni." Akaufungua upya. Ilikuwa Alhamisi ileile, dakika ileile.

Gordy aliweka uma chini. Fundi hakuhitaji kuelezwa. Sehemu inayoitikia hodi ilikuwa hai, ila ile inayosimamia moto iliganda siku tatu zilizopita.

Verna alikwishashika simu, wala hakuuliza hali. "Baba, nisomee kipimo cha joto kilichoko ukutani jikoni kwako."

"Si mbaya sana, mwanangu. Nimevaa koti."

"Nambari, baba."

Kiti kilisikika kikiburuzwa. "Arobaini na moja."

Kwa kipimo chetu, hiyo ni baridi ya ndani ya friji.

Walimkuta amekaa jikoni na kofia kichwani, vidole vimekataa kufunga vifungo. Miguu ilikuwa na rangi ambayo Verna hapendi kuitaja. Gordy alipiga magoti akamfunga blanketi.

"Kwa nini hukutuambia, baba?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulisema mnaniona kwenye kioo kile cha jikoni kwenu. Nikajua mnakuja."

Gordy alilia palepale, mbele ya mkewe.

Daktari alisema usiku mmoja zaidi angekuwa maiti. Mzee alipona, ila vidole viwili vya mguu vilikatwa. Kisanduku bado hakijui lugha ya wenzake. Sasa Gordy ameandika programu inayosoma ule ukurasa kila dakika tano, na saa ikisimama taa inakuwa nyekundu. Jikoni kwa mzee ameweka pia kipimo kingine, kinachotuma chenyewe nambari ya joto. Na kila Jumatano mmoja wao anakwenda mwenyewe kumwona. Orval hulalamika kwamba anahojiwa alichokula kama mtoto wa chekechea, kisha anataja amekula mayai mangapi.

Mafunzo

Aliyeitika amekwambia yupo, hajakwambia ni mzima. Chombo kisichojua kujieleza, na mtu asiyependa kujieleza, usimpake rangi ya kijani kwa sababu umechoka kumtafuta. Muulize swali ambalo jibu la jana haliwezi kulijibu. Ukimaliza kusoma hapa, mpigie mzee wako. Usimuulize hali. Muulize kipimo cha ukutani kinasema ngapi, na akikaa kimya, chukua koti lako uende.