Nilimkabidhi Dismas Sauti ya Marehemu Kaka Yangu

Nina miaka sabini na minne, mjane, na shule niliishia darasa la pili. Nalima karoti na kabichi huku milimani Uluguru. Kusoma kunanishinda, lakini jina la mtu sisahau. Na aliyenitenda haya anaitwa Dismas, mtoto wa kaka yangu Kosmas. Mama yake alifariki yeye hajaota meno, mimi ndiye nikambeba mgongoni. Mimi!

Kwetu Waluguru shamba hufuata ukoo wa mama. Shamba la marehemu mama yetu, lile la kando ya kijito, alilishika Kosmas. Akiondoka yeye linarudi kwangu na kwa binti yangu Leokadia. Dismas ana ukoo wake, wa mama yake. Lakini alikuwa amelilima na baba yake miaka mingi, na macho yake yalikuwa pale...

Kosmas alipoona ugonjwa umemzidi, alimwambia Leokadia amrekodi kwenye simu yangu. Akataja mipaka yote, mti kwa mti. Akasema shamba ni la Filomena, ndiyo mimi, na mwanangu. Siku ya tatu akafariki.

Mzee Beatus, mkubwa wa ukoo, alitaka kuisikia sauti ile pale pale msibani. Mimi nikakataa! Nikasema maneno ya marehemu hayafunguliwi matanga hayajaanuliwa. Laiti ningejua...

Simu ilikuwa na sauti hafifu. Dismas ni fundi simu huko mjini, Kihonda, akaja kunisabahi.

"Shikamoo shangazi. Hii simu yako inaongea kama ina kwikwi! Lete niiflashi, niiwekee mfumo mpya, wazee wote wasikie."

"Na maneno ya baba yako?"

"Yatabaki palepale. Shangazi, mimi fundi bwana!"

Akaniuliza kwa upole kama nimemtumia mtu mwingine ile sauti. Nikamwambia hapana, iko humo tu. Nikaona ananijali... Nikampa kwa mikono miwili!

Baada ya wiki aliirudisha imekufa. Haiwaki, haichaji. Akasema pole, simu za siku hizi ni kama nyanya, leo nzima kesho imeoza.

Kwenye kikao cha ukoo nikasimama kueleza aliyoyasema Kosmas. Dismas akacheka. "Shangazi, ya mdomoni kila mtu anayo. Hata mimi baba aliniambia langu." Wazee wakagawanyika. Waliosema anayelima ndiye mwenye shamba wakawa wengi. Akapewa! Mzee Beatus aliinamisha kichwa, angefanya nini?

Leokadia hakukubali. Akanishusha mjini hadi Mafiga, kwa fundi mmoja mwanamke, Rehema. Rehema akaifungua, akaiunganisha na kompyuta yake.

Akanieleza taratibu, mpaka mimi wa darasa la pili nikaelewa. Kwamba simu za aina yangu kwa nje ni mapacha, ndani zina chipu mbili tofauti. Kwamba simu ikiwaka, mfumo huiandikia chipu mipangilio, huku umeme kiasi hiki, kule sauti kiasi hiki, kila kitu na kisanduku chake. Lakini visanduku havifanani. Kisanduku ambacho kwa chipu moja ni cha sauti, kwa nyingine ni cha umeme wa kumbukumbu. Ndiyo maana mfumo mzuri huitambua chipu kwanza, kisha ndipo uandike.

"Yangu je?"

"Bibi, umewekewa mfumo wa ile chipu nyingine. Mfumo huo umeandika umeme mkubwa mahali sipo. Kumbukumbu, mlimokaa ile sauti, imeungua."

Nikasema basi, kijana kakosea. Rehema akatikisa kichwa. Kompyuta hukataa, akasema, hutoa onyo, mpaka fundi azime kinga kwa mkono wake. Kisha akaniuliza fundi nani. Nikamtajia. Machozi yakamlengalenga.

"Bibi... Dismas ndiye aliyenifundisha kazi. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, soma chipu kabla hujaandika."

Jamani!

Nilimfuata shambani. Nikamuuliza, "Dismas, uliisoma chipu?" Akaendelea kulima. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Shangazi, mngenifukuza kama mgeni." Basi. Hata samahani sikupata.

Shamba nimeliachia wazee, rufaa niliyokata bado iko kwa Mzee Beatus. Kinachoniliza ni sauti ya Kosmas. Nilikuwa sijaisikiliza hata mara moja tangu tumzike!

Ndugu wasomaji, mgonjwa akisema, iteni wazee wasikie angali anapumua. Mkirekodi, wagawieni wengi siku hiyohiyo, mila haitakasirika. Na kabla hujamkabidhi mtu kitu chako akitengeneze, hata kama ulimbeba mgongoni, jiulize kikifa mikononi mwake ni nani atakayefurahi. Mimi sikujiuliza.