Maana ya Sukari

Kila Ijumaa palikuwa na somo la maneno katika shule ya Maguu. Wiki ile Mwalimu Mwanabibi, mtu wa Tanga, alichagua vyakula vitamu. Alieleza kwamba halua hupikwa kwa sukari na samli, na kashata kwa sukari na nazi.

"Ijumaa ijayo kila mmoja alete neno na maana yake," alisema. "Lakini liwe la kitu mlichokionja wenyewe."

Wanafunzi wengi walichagua ndizi, muwa na asali. Zita alitaka kuwapiku wote, akachagua sukari. Miezi ile sukari ilikuwa imeadimika kwenye duka la kijiji, na kopo la kwao lilikaa darini likingoja wageni. Alichovya kidole kimoja tu. Lakini mwonja asali haonji mara moja! Kopo lilipokuwa jepesi, alilijazia chumvi na kuikoroga. Wageni watakuja Krismasi, alijiambia, na Krismasi ilikuwa mbali.

Alhamisi mdogo wake, Pankras, aliharisha kutwa nzima. Ilipofika jioni macho yalikuwa yameingia ndani, akilia machozi hayatoki. Mama alimwita Bwana Damiano, mganga wa zahanati.

"Mama Zita, tumtengenezee maji ya sukari na chumvi kidogo sana," alisema mganga. "Chumvi ikizidi, itamuua."

Mama aliteremsha kopo. Zita aliona kijiko kikizama ndani yake. Aliogopa fimbo, lakini alimwogopea Pankras zaidi.

"Mama, usimpe! Sukari nimeilamba mimi, nikajazia chumvi."

Mama hakumpiga. Alimtazama tu, na hilo lilimuuma Zita kuliko fimbo.

"Kimbia kwa shangazi yako Gertruda. Mweleze hivyo hivyo ulivyotueleza, umwombe sukari."

Zita alikwenda na kueleza yote huku akilia. Shangazi alimpa kopo lake. Usiku kucha Pankras alinyweshwa kijiko kwa kijiko. Alfajiri alilia, na safari hii machozi yalimtoka. Mama naye akalia.

Darasani Zita alisimama. "Sukari ni kitu kitamu cha kumwekea mgeni na mgonjwa. Si cha kuiba." Kisha akasimulia yote.

"Adhabu utaipata, Zita. Utapalilia bustani ya shule," alisema Mwalimu Mwanabibi. "Lakini ungenyamaza jana, leo tungekuwa msibani kwenu. Wanangu, ukweli ni mchungu. Usemeni mapema, kabla uongo haujaua mtu."