Kadi Iliyochumwa Ikonge

Kila jioni akitoka shuleni, Celestine huvua viatu, hujitwika kikapu na kwenda kuchuma chai shambani kwao Ikonge. Alhamisi ile alichuma huku amenuna kama kuku aliyenyeshewa.

Dada yake Orpah alikuwa ameitwa chuo kikuu. Kesho yake chuo kingefungua mwaka wa masomo kwa sherehe, na kadi ya mwaliko ilisema wageni wawili tu: ndio mama yao na Nyanya. Celestine hakuuliza, "Na mimi je?" Aliichukua tu kadi kabatini, akaificha ndani ya kikapu na kuifunika kwa majani ya chai.

Nyanya alipoikosa kadi alipekua nyumba nzima. Akamtukana mbuzi kwamba ameila. Akanyakua kikapu kwa hasira, akakipeleka mwenyewe kwenye kituo cha kununulia chai, majani yakapimwe. Celestine alimfuata mbio.

Karani Machogu alipomwaga majani, kadi ikaanguka mezani.

"Mama mzee, siku hizi mnatuuzia karatasi kwa kilo?" Watu wakacheka. "Majani haya siyapimi!"

"Machogu! Makamasi yako nimeyapangusa mimi, leo unaniita mwizi?"

Celestine angeweza kunyamaza. Lakini aliona Nyanya akichekwa kwa kosa lisilo lake.

"Nyanya, ni mimi niliyeificha."

Machogu akakohoa, akayapima majani.

"Kesho utakuja nasi chuoni," Nyanya alisema kwa ukali. "Utabeba ndizi za Orpah!"

Langoni mwa chuo, askari aliigeuzageuza kadi yenye madoa ya kijani.

"Hii imetoka wapi, mama?"

"Imechumwa Ikonge," Nyanya akajibu. "Tupishe!"

Mama na Nyanya wakapita. Celestine na ndizi wakabaki nje. Kupitia mianya ya ua aliwaona walimu wakiandamana wamevaa majoho, kisha wanafunzi wapya wakainua mikono kula kiapo, Orpah kati yao. Machozi yakamtoka.

Saa saba Nyanya akatoka akichechemea, bado amefura kwa hasira.

"Hotuba nne! Na kiti kigumu kama jiwe la kusagia! Unajua kiti kile kilikuwa cha nani? Jumatano nilimwambia mama yako, mtoto akiniomba tu, nitampa nafasi yangu, magoti yangu yapumzike. Nikangoja. Hukuomba. Ukaficha."

Celestine aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Nyanya."

"Ukiwa na uchungu, useme. Aliyesema husaidiwa. Aliyeficha huwafungia wenzake mlango, kisha anajikuta nje yeye mwenyewe." Nyanya akamenya ndizi, akampa nusu. "Mimi nimekusamehe. Tukifika nyumbani, ukamwombe mbuzi msamaha."