Unamsomea Nani Kwanza?

Jua lilikuwa linazama mwandishi alipokwenda kwa mpiga chapa kuchukua vitabu vyake. Alivikuta mezani vimefungwa kwa kamba, bado vinanuka gundi. Vilikuwa vyake kwelikweli: aliviandika mwenyewe, akavigharimia mwenyewe, na angevitembeza mwenyewe ofisi kwa ofisi kama muuza soksi. Wachapishaji wakubwa walimkataa hadi akachoka kubisha hodi. Tangu hapo ulimi wake ulikuwa wembe, na wenye akili walimpisha njia.

"Kuna mtu amekuulizia," mpiga chapa alisema bila kuinua macho. "Anataka kukuhoji. Unaandikaje, unapenda nini, mawazo unayatoa wapi."

"Hatimaye! Umemwelekeza nyumbani?"

"Sikumwelekeza. Alikuwa anapajua." Akashusha sauti. "Usiongee naye. Yule mwenzako wa mtaa wa nyuma, wa hadithi za mapenzi, alihojiwa na huyuhuyu. Leo anauza mkaa. Nikimtajia vitabu vyake ananiangalia kama nimemtukana."

"Yule aliishiwa zamani. Acha husuda zako."

Angalikuwa mtu wa kuambiwa, hadithi hii isingalikuwapo. Lakini hayo maswali alikuwa ameyasubiri miaka. Mara ngapi alijihoji mwenyewe bafuni, akishika sabuni kama kipaza sauti! Majibu alikuwa nayo tayari, amekwisha kuyapiga pasi. Aliyekosekana ni wa kuuliza tu.

Mama yake alimpokea mlangoni, mikono ina unga.

"Una mgeni. Nimemwacha sebuleni na kahawa." Kisha akamsogelea sikioni. "Mwanangu… yule mtu hapepesi macho."

"Mama nawe."

"Haya. Mimi nimesema."

Alimpenda mama yake kuliko alivyowahi kumwambia. Hakuna sura ya kitabu iliyotoka nyumba ile kabla mama hajaisikia. Alikuwa hajui kusoma, lakini masikio yake yalikuwa mzani. Mikono yake ikisimama katikati ya kukanda unga, sura imekubalika. Akisonya, karatasi zinachanwa, na hakuna mjadala.

Mgeni alikuwa amekalia kiti cha kuandikia. Mwembamba, shati safi, kifungo cha shingo kimefungwa. Chumba kizima kilinuka karatasi zilizolowa maji zikakaukia ndani.

"Hicho ni kiti changu."

"Najua."

Hakuinuka. Mwandishi akakaa kwenye kochi, hasira zikimpanda, akajiona yeye ndiye mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Kitabu chako kibaya," mgeni alisema taratibu. "Mwisho wake nilishaujua mwanzoni."

"Basi umefuata nini hapa?"

"Kitabu sikitaki. Namtaka anayekiandika."

Mtu mwingine angemfungulia mlango atoke. Mwandishi aliuma meno akasema, "Uliza, uondoke."

"Unakunywa nini ukiandika?"

"Kahawa chungu. Haina sukari, haina maziwa. Naiacha ipoe kidogo ndipo naipenda."

Akanyanyua kikombe cha mgeni, ambacho hakikuguswa, akapiga funda.

Hakuna kitu.

Rangi ilikuwa ya kahawa, mvuke ulikuwa wa kahawa, lakini mdomoni yalikuwa maji ya moto tu. Akajiambia ni mafua yanakuja.

"Unaandika kukiwa kimya?"

"Kimya kinaniua. Nasubiri jirani yangu, fundi nguo, aanze kazi. Cherehani ikikimbia, na mimi nakimbia."

Nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa inakimbia wakati huohuo. Trrrr… trrrr… Kisha ikakatika. Mwandishi akangoja ianze tena. Akaweka kiganja ukutani.

Ukuta ulikuwa unatetemeka.

Cherehani ilikuwa bado inakimbia. Ni yeye aliyekuwa haisikii.

"Mbona huandiki majibu yangu?" aliuliza, sauti imempungua.

"Ya nini? Nimeshayapata." Harufu ya karatasi zilizolowa ilizidi. "Hadithi ulianza kuzipata wapi?"

Hapo angenyamaza. Lakini hilo lilikuwa ndilo jibu lake tamu kuliko yote, na mdomo huponza kichwa.

"Kwa baba. Alikuwa fundi viatu. Akigonga msumari anasema neno, akigonga tena anaongeza jingine. Viatu vikiisha, hadithi imeisha. Nilikuwa nakaa miguuni pake na…"

Na nini? Akageukia picha iliyokuwa ukutani, imsaidie.

Pale palikuwa na mwanamume amevaa aproni, ameshika nyundo. Hakumjua. Alitafuta sauti yake, akatafuta mikono yake, akatafuta hata siku ya kumzika. Alijua aliwahi kuwa na baba kama anavyojua kuwa ana ini. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu.

Sasa alielewa: kila alichokijibu kilikuwa kinachukuliwa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kumechelewa.

"Toka."

"Limebaki moja."

"Toka nyumbani kwangu!"

Mgeni akainama mbele. Macho hayakupepesa.

"Sura ikiisha… unamsomea nani kwanza?"

Jikoni mama alikuwa anapiga unga ubaoni kwa viganja, pu, pu, pu, akiimba kwa pua wimbo usio na maneno. Mwandishi akasikia ulimi wake unaanza kujongea wenyewe. Midomo ikakutana.

"Mm…"

Akauma ulimi hadi damu ikatoka. Ulimi ukaendelea kusukuma.

"Jibu litatoka tu," mgeni alinong'ona. "Mwenzako wa mtaa wa nyuma alijiziba kwa mikono miwili."

Mama si kahawa. Mama si kelele za cherehani. Amchukue yeye mzima mzima, achukue vitabu vyote hadi karatasi ya mwisho, lakini mama, hapana. Akafanya alichokuwa akifanya kila alipokwama katikati ya ukurasa: akatafuta mtu wa kumweka pale penye pengo.

"Dada yangu," alisema. "Mkubwa wangu. Namsomea akiwa anasuka nywele, miguu ameikunja kitandani. Ana kovu kidevuni, alianguka ngazini akiwa amenibeba. Nikisoma pa kuchekesha huziba mdomo kwa shuka, asimwamshe mama."

Maneno yalikuja mepesi mno.

Kwa mara ya kwanza mgeni akatabasamu.

"Umejibu vizuri," akasema, akainuka.

Mwandishi alibaki kwenye kochi. Alisikia mlango unafunguliwa, kisha hatua zinavuka ua kuelekea barabarani. Viatu vilikuwa vinagonga saruji, tap, tap… na nyuma yake kitu laini kinaburuta. Kama nyayo tupu.

Hatua za watu wawili.

Akafunga macho, akacheka peke yake. Amemdanganya! Mchawi mzima ameondoka na uongo mtupu. Yeye alizaliwa peke yake, hakuwa na mkubwa wala mdogo. Jikoni mama alikuwa bado anapiga unga. Alitamani kumkimbilia akamkumbatie na unga wake wote.

Mama akatangulia kutokea mlangoni, sahani mikononi.

"Mbona dada yako ametoka bila viatu?"

Mwandishi akafumbua macho.

"Nimemwona dirishani akimfuata mgeni wako. Nimemwita, hata hakugeuka. Wanakwenda wapi na chakula kiko tayari?"

"Mama… dada yangu nani?"

Mama akacheka. Akamwangalia vizuri, akaacha kucheka.

"Mmegombana nini leo, hata umkane?"

"Sina dada, mama! Umenizaa peke yangu!"

Kofi lilimpata kabla sahani hazijafika chini. Mama hakuwahi kumpiga tangu awe mtu mzima. Akamshika mkono, akamvuta hadi chumbani, akawasha taa. Vitanda vilikuwa viwili, na asubuhi alikuwa ameacha kimoja. Kimoja shuka lake lilikuwa limekunjamana upande wa mtu kulalia, na chini yake kulikuwa na ndala ndogo kuliko za mwandishi.

"Hizi za nani?" mama aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na adui. "Yule mtu ni nani? Umemfanya nini mwanangu?"

Hakungoja jibu. Akatoka mbio hadi barabarani, akaanza kuita. Mwandishi alimfuata hadi mlangoni. Aliuona mdomo wa mama unafunguka na kufungika, unafunguka na kufungika, mishipa ya shingo imesimama. Jina halikumfikia. Fundi nguo akatoka na futi yake shingoni, naye akaita, na mdomo wake ukafunguka vilevile. Milango ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Mtaa mzima ulikuwa unamjua wa kuitwa.

Mama akarudi, akamshika nguo kifuani.

"Mwite na wewe! Wewe atakusikia. Si yeye unayemsomea kila kitu kabla hata mimi sijasikia? Mwite arudi!"

Watu wakanyamaza ili wampishe aite. Mwandishi akafungua mdomo, akamwangalia mama yake, akawaangalia majirani, akabaki hivyo, anangoja mmoja wao amwambie jina.