Isukuti Ndani ya Redio

Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi, ndege ndogo iliyobeba abiria tisa kutoka Lodwar ilikuwa juu ya mji wa Kakamega ikielekea Kisumu. Rubani wake, Ayuma, alisikia sauti ya mwanamume redioni ikimwambia ateremke hadi futi elfu saba. Alirudia agizo neno kwa neno, kama rubani anavyotakiwa, kisha akateremka. Muda si mrefu ndege kubwa iliyokuwa ndiyo kwanza imepaa Kisumu ikatokea mbele yake, karibu mno hata akaona madirisha. Akaigeuza ndege yake kulia kwa ghafla. Abiria mmoja alivunjika mkono, lakini wote walitua hai.

Waongozaji wa ndege kwenye mnara wa Kisumu walisema hawakutoa agizo lile. Kinasa sauti chao kiliwaunga mkono: kilikuwa na sauti ya Ayuma peke yake, akimjibu mtu asiyekuwepo. Kamati ya uchunguzi ikamwandalia hati ya kukiri kosa. Akiitia sahihi angesimamishwa miezi sita. Akikataa, leseni ingefutwa.

Ayuma alikataa, tena kwa namna iliyowaudhi, maana aliongeza kwamba nyuma ya sauti ile alisikia ngoma za isukuti. Wanakamati walitazamana wakacheka.

"Kwa hiyo mnarani wanapiga isukuti?" mwenyekiti aliuliza.

"Hawapigi. Ndiyo maana nawaambia sauti haikutoka mnarani."

Walimpa hadi Jumanne. Yeye akaenda moja kwa moja kituo cha polisi Kakamega, akamkuta Inspekta Jepchirchir, mwanamke mkavu wa maneno asiyependa kuambiwa kwamba jambo limekwisha. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Alielewa upesi kwamba redio ndogo ya mkononi, ikiwa chini Kakamega, husikika na ndege iliyo juu, ila vilima vya Maragoli huizuia isifike Kisumu. Na ngoma je? Mtu yeyote wa Kakamega anajua isukuti ya Jumamosi asubuhi ni ya nini. Ni fahali anasindikizwa kwenda kupigana.

Redio ya namna hiyo ilikuwa na mtu mmoja aliyejulikana, Lazarus, mlinzi wa uwanja mdogo wa ndege wa Kakamega. Fahali wa upande ule hupita nyumbani kwake kila mara. Lazarus aliapa kwamba Jumamosi hakutoka kazini, lakini majirani wa uwanja wakasema hakuonekana kabisa. Jumapili akalala seli.

Jumatatu asubuhi Mark alifika kituoni kushukuru kwamba mkosaji amekamatwa. Huyu alikuwa meneja wa kampuni ya ndege iliyomwajiri Ayuma, naye aliwahi kuwa rubani. Alisema siku ya tukio alikuwa Kisumu tangu alfajiri, akingoja ndege itue. Akamsihi inspekta amshauri Ayuma atie tu sahihi, yaishe. Jepchirchir hakupenda. Ikiwa mkosaji yuko seli, rubani akiri kosa lipi?

Alimrudia Lazarus, na safari hii akamwahidi kwamba mwajiri wake hataambiwa. Mlinzi akainamisha kichwa.

"Nilitoroka kazi, madam. Mimi huendanga kuona mafahali wakipigana. Na huyo fahali wa Osiako nilimngojea nyumbani, hakupita kwangu siku hiyo. Muulize mwenyewe."

Osiako, mwenye fahali, alikuwa msiri kama wafugaji wote wa mafahali. Alizunguka na maneno weee, mpaka alipoambiwa kwamba mtu yuko ndani bila hatia.

"Tuliogopa tumewekewa dawa njiani," alisema. "Tukabadilisha njia alfajiri, hata mabibi zetu hatukuambia. Tulipitia Shirere, hapa hapa Kakamega. Huko fahali akajikuna kwa lango la mtu, likaanguka. Mwenyewe akatoka na redio mkononi, mkali kama nini."

Jepchirchir alimwomba amwoneshe lango hilo. Lilikuwa la kijani, lenye waya mpya kwenye bawaba.

Jumanne kamati ilikutana. Hati ilikuwa mezani mbele ya Ayuma, kalamu juu yake. Mark alikaa upande wa pili, suti imenyooka. Jepchirchir aliomba kumuuliza swali dogo tu.

"Lango lako la Shirere lilivunjika lini?"

Mark alishangaa kidogo. "Jumamosi. Nilirudi jioni kutoka Kisumu nikalikuta chini. Nikaita fundi."

"Jioni gani?" Osiako, aliyekuja na inspekta, alisema kutoka nyuma, akasimama. "Si wewe ulitusimamia hapo asubuhi mpaka tukalifunga na waya? Fahali wangu alifika uwanjani amechelewa, amechoka, akashindwa. Kwa sababu yako."

Mark alimtazama mwenyekiti, kisha mlango. Polisi mmoja aliingia na redio iliyopatikana chini ya kitanda chake.

Hapo akasema yote. Ayuma alikuwa amekataa kurusha ndege nyingine ya kampuni, ambayo injini yake ilivuja mafuta, akaandika malalamiko kwa wakaguzi. Mark alitaka aonekane rubani anayesikia vitu visivyokuwepo, ili asiaminiwe. Aliibana sauti yake isitambulike, na mkwaruzo wa redio ukamsaidia.

"Sikutaka kuua mtu," alisema. "Nilitaka mnara umkaripie tu. Kampuni ingefungwa, Ayuma. Wewe hujui kuinama."

"Niiname ili watu waanguke?"

Mark alitolewa na pingu. Lazarus alikuwa ameshaachiliwa. Mwenyekiti, uso umemshuka, akaichana hati na kumwambia Ayuma kwamba yuko huru kwenda.

Ayuma hakuinuka. "Ile ndege inayovuja mafuta iko wapi sasa hivi?"

Mtu wa kampuni alijibu kwa sauti ndogo kwamba iko Kisumu, abiria wameshapanda.

"Basi siendi popote."

Mwenyekiti alipiga simu mnarani haraka, akatoa amri, akasema imekwisha. Ayuma akatikisa kichwa. Jumamosi yeye alirudia agizo na hakuna aliyemsikiliza. Leo alitaka kusikia agizo likirudiwa. Mwenyekiti akaiweka simu mezani na kuipandisha sauti.

Kupitia mkwaruzo wa redio, mwongozaji aliamuru ndege ibaki ilipo, injini izimwe, abiria washuke. Kisha rubani, kijana kwa sauti yake, akarudia agizo lote neno kwa neno.

Ayuma alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake, akatoka.