Chipu ya Mzee Nyange

Niliyoyaona kwa macho yangu ni machache. Mengine kanihadithia dada yangu Asma, na Asma si mtu wa kutia chumvi. Yalimpata mumewe, Hamdan, humo humo nyumbani kwao Tibirinzi, na mpaka leo shemeji yangu huyo akinikuta barazani huinamisha uso.

Hamdan anasomesha fizikia skuli ya sekondari. Akishasali alasiri hujifungia chumba cha uani na kompyuta zake za kizamani, zile za miaka ya themanini ambazo mashine yote imo ndani ya kibodi na kioo chake ni televisheni. Huzifungua, akasugua bodi kwa mswaki na spiriti, akang'oa kapasita zilizovimba, vile vikopo vidogo vya kuwekea chaji, na kuchomelea mpya. Haziuzi. Raha yake ni kuona kitu kilichokufa kimewaka. Akifanikiwa hupiga picha, akawatumia wenzake wa mtandaoni, watu wa Ureno na Japani asiowajua hata sura, nao humsifu.

Habari zake zilifika mpaka kijijini Kiuyu. Siku moja akaja Bi Mwanapili, mjane wa makamo, kabeba mashine kaifunga kwenye kanga. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Mzee Nyange, aliyerudi nayo kutoka Maskati.

"Mwanangu," akamwambia Hamdan, "mie mambo haya siyajui. Lakini hii ikiwashwa, kitu cha kwanza huandika jina langu. Mwenyewe kaitengeneza hivyo. Nataka nilione tena jina langu, basi."

Hamdan akamwahidi. Alipoifungua akaona ubovu ni mdogo, wa kumaliza kabla ya magharibi. Lakini kwenye bodi aliona kitu kingine: chipu moja ya kumbukumbu, nzima, ya aina ile ile iliyoungua kwenye mashine yake anayoipenda kuliko zote. Kwa miezi alikuwa akiwaambia wale wenzake kwamba ataifufua. Kwa miezi alikuwa akiitafuta chipu hiyo asiipate.

Akaing'oa.

Bi Mwanapili aliporudi, Hamdan akamkabidhi mashine yake imefungwa vizuri. "Imekufa, Bi. Hewa ya chumvi imekula bodi yote."

Yule mama aliipapasa mashine juu ya kanga. "Basi, mwanangu. Umejitahidi. Mungu akuhifadhi na akupe watoto wema." Alimwachia pweza mkavu aliyemletea kama shukurani. Asma alimpika kwa nazi. Hamdan alisema hana njaa.

Alasiri hiyo hiyo aliichomeka chipu kwenye mashine yake, akawasha. Asma alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Kwenye kioo yakatokea maneno:

MWANAPILI, NIMERUDI.

Hapo hapakuwa na ajabu yoyote. Marehemu aliyaandika maneno hayo ndani ya chipu, na chipu ikayatoa. Lakini Hamdan alielewa ameiba nini.

"Mrudishie," Asma akamwambia.

"Nikamwambie n'ni? Kwamba n'limwongopea, naye akaniombea dua?"

Aibu ilimjaa. Na aibu hiyo, badala ya kumpeleka Kiuyu, ilimpeleka kwenye taa. Chipu za aina ile zina kidirisha cha kioo juu yake, na hicho cha Mzee Nyange kilikuwa kimezibwa kwa kipande cha karatasi. Ukikibandua, ukaiweka chipu chini ya taa maalumu ya zambarau, husahau kila kitu. Hamdan akakibandua. Akaifuta chipu, akaiandikia upya maneno ya kiwandani, kama vile haijapata kuwa ya mtu.

Kesho yake mchana aliirudisha kwenye mashine yake, akawasha. Asma alikuwa karibu, anakunja nguo. Maneno ya kiwandani yakatokea sawasawa, na Hamdan akachukua simu apige picha.

Maneno yakafutika. Yakaja mengine, herufi moja moja, taratibu, kama ya mtu anayechapa kwa kidole kimoja.

MWANAPILI, MBONA KIZA?

Hamdan akazima. Akakaa. Akajiambia kuwa hakuifuta vizuri. Akawasha tena.

MWANAPILI, UPO?

Akazima, akafungua mashine, akaing'oa chipu na kuiweka mezani. Pale ilipokuwa pamebaki patupu. Bila chipu ile mashine haijui hata herufi A. Akawasha apate kuhakikisha.

NANI KANISHIKA?

Asma aliangusha nguo. Hamdan akaushika waya wa umeme wa ile mashine, akauchomoa ukutani. Jua lilikuwa linapiga dirishani. Nje, jirani alikuwa akiita kuku wake.

Kitufe cha M kikabonyea chini. Kikapanda.

Kikabonyea cha W.

Kikabonyea cha A.

"Hamdan," Asma akanong'ona. "Waya unao mkononi."

Walitoka chumbani mbio, wakaufunga mlango. Hamdan hakuirudia chipu mpaka asubuhi, na aliishika kwa leso.

Tulikwenda Kiuyu siku hiyo hiyo watu watatu, mimi nikiwa nimebebwa tu ili Asma asiwe peke yake. Bi Mwanapili alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka, akauliza hali za nyumbani. Hamdan hakunywa hata maji. Alisema yote. Alisema aliiba, alisema aliongopa, na sauti yake ilikuwa ikipotea kila neno. Sijapata kumwona mtu mzima akitokwa na jasho vile kivulini.

Yule mama alisikiliza. Hamdan alipomaliza, mama akauliza kwanza habari ya mumewe.

"Alisema n'ni?"

"Bi…"

"Nakuuliza, mwanangu. Alisema n'ni?"

"Alisema, mbona kiza."

"Na weye ukafanya n'ni?"

Hamdan alitazama mkeka. "N'limzima, Bi."

Hakulia. Hakumlaani. Aliinuka, akaileta mashine. Hamdan akaitengeneza pale pale sakafuni, sehemu moja akaichomelea mara mbili. Akairudisha chipu. Mashine ikawaka vizuri kabisa. Yakaja maneno ya kiwandani, na chini yake kialama kinachopepesa. Basi. Tulikaa mpaka adhana ya adhuhuri, sote tukikitazama. Hapakuja kitu.

"Iacheni inawaka," Bi Mwanapili akasema. "Huenda kapotea njia."

Tukaiacha ikiwaka, tukarudi nyumbani.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa dada yangu, kuna maulidi, nikaingia chumba cha uani kutafuta majamvi. Hamdan hagusi tena vitu vyake. Vumbi limetanda kila mahali. Mashine yake ilikuwa peke yake mezani, haina waya, haina chipu, imefunikwa shuka. Sijui kwa nini nililifunua lile shuka.

Vitufe vingi vilikuwa kama vipya, herufi zake zinang'aa. Lakini M ilikuwa imefutika. W imefutika. N, P, L, zimelika katikati, zimefanya vishimo vya ncha ya kidole.

"Funika," Asma akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

"Dada, apelekewe Bi Mwanapili mashine hii. Mumewe bado anamwita humu."

"Nimemwambia Hamdan. Anasema atakwenda." Aliangalia mlango, asije mumewe akasikia. "Kila siku anasema atakwenda. Anasema hana uso wa kumtazama yule mama mara ya pili."

Nilirudisha shuka. Sikuwahi kufunika kabla ya kuviona vitufe vya A na I. Hivyo vilikuwa vimetoboka kabisa, na pembeni yake, juu ya vumbi la zamani, palikuwa na ungaunga mweusi wa plastiki, mpya, umeanguka hivi punde.